Nilikaa Nanjing Bila Kuiona

Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu katika kipindi chake cha kila wiki, kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikia.

 

Leo nawaomba radhi wale waliozoea kunisikia nikilalamikia foleni za magari na mifereji iliyoziba. Mambo hayo yapo, na wiki ijayo tutayakuta palepale. Leo nataka kuzungumzia barua iliyofika nyumbani kwa dada yangu, Temeke, siku kumi zilizopita. Binti yake wa pili, yaani mpwa wangu, amepata ufadhili wa kwenda kusomea uhandisi wa maji katika mji wa Nanjing, nchini China. Masomo ni ya miaka mitano. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha ya Kichina, na minne inayofuata ni ya shahada yenyewe.

Kwetu barua ya namna hiyo haisomwi na mtu mmoja. Kikao kikaitishwa. Alikuwepo shemeji, alikuwepo baba mdogo, alikuwepo mama mkubwa aliyetoka Kibaha na gari la alfajiri, na alikuwepo jirani mmoja anayeheshimiwa sana kwa habari za China kwa sababu huagiza viatu kutoka Guangzhou. Baba mdogo ndiye aliyeanza. Alisema ufadhili ni mzuri, lakini mwaka mzima wa lugha tupu ni hasara. "Kwani huyu mtoto anakwenda kuwa mhandisi au anakwenda kuwa mkalimani?" akauliza. Jirani wa viatu akamuunga mkono. Akasema yeye amefanya biashara na Wachina miaka kumi na miwili kwa kikokotoo na vidole tu, na hajapungukiwa kitu.

Kisha macho yote yakanigeukia mimi. Katika ukoo wetu mimi ndiye pekee niliyewahi kuishi Nanjing. Dada akasema, "Sema wewe, mjomba mtu, maana ndiye uliyefika."

Ndugu wasikilizaji, hapo nilibanwa. Kazi yangu ni kusema, na ninalipwa kwa kusema, lakini siku ile nilitazama kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Nitawaeleza sababu.

Mwaka 2008 nilikuwa kijana wa miaka 24, nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari na nimeanza kazi ya vibarua redioni. Nikapata ufadhili kama huu huu wa mpwa wangu: mwaka mmoja wa Kichina, halafu shahada ya utangazaji. Ada ilikuwa imelipwa, bweni limelipwa, na posho ya kila mwezi ipo. Kilichokosekana ni nauli. Dada yangu ni fundi wa kushona. Wakati ule alikuwa na vyerehani viwili. Aliuza kimoja, kile kizuri cha miguu, akaongeza na fedha za upatu, nikapata tiketi. Nikapanda ndege mwezi Septemba, wiki chache baada ya michezo ya Olimpiki ya Beijing.

Sasa niwaeleze mji wenyewe. Nanjing maana yake ni mji mkuu wa kusini, kama Beijing ilivyo mji mkuu wa kaskazini. Upo kando ya mto Yangtze, kiasi cha kilomita 300 kutoka Shanghai kuelekea magharibi. Zhu Yuanzhang, mtoto wa mkulima fukara, alijitangaza mfalme hapo mwaka 1368 na kuanzisha utawala wa Ming, na mji ukabaki kuwa makao makuu mpaka yalipohamishiwa Beijing mwaka 1421. Hapo ndipo mwaka 1842 China, baada ya kushindwa vita, ilipotia saini mkataba wa kuwapa Waingereza kisiwa cha Hong Kong. Hapo ndipo Sun Yat-sen alipoapishwa kuwa rais wa muda wa jamhuri, tarehe 1 Januari 1912. Kaburi lake lipo mlimani upande wa mashariki ya mji, na anayekwenda kulizuru hupanda vidato 392. Ukuta uliouzunguka mji tangu enzi za Ming ulikuwa na urefu wa kilomita zaidi ya 35, na kiasi cha kilomita 25 bado zimesimama.

Ukinisikia nikiyataja haya utadhani nilikuwa mwanafunzi hodari. La hasha! Karibu yote nimeyasoma hapa hapa Dar es Salaam baada ya kurudi. Nilipokuwa kule niliyapita kwa basi.

Kosa langu lilianza kidogo kidogo. Kichina kina jambo moja linalomtaabisha Mswahili. Sisi tunayo barabara ya magari, na tunayo barabara kwa maana ya sawasawa, na tofauti ni pale unapokazia sauti. Lakini kwetu maneno ya namna hiyo ni ya kuhesabu. Kwa Mchina karibu kila neno limekaa hivyo. Mai ukiitamka kwa sauti inayoshuka kisha ikapanda, maana yake ni kununua. Ukiitamka kwa sauti inayoanguka, ni kuuza. Tang kwa sauti iliyonyooka juu ni supu, na kwa sauti inayopanda ni sukari. Wiki ya kwanza niliomba supu nikaletewa sukari, watu mezani wakacheka, nami nikaona haya. Mtu mwenye akili angecheka pamoja nao na kurudia neno. Mimi nilirudi bwenini.

Bwenini tulikuwa Waafrika wengi. Tulikuwepo Watanzania sita, Wakenya wanne, na wenzetu wa Zambia na Ghana. Tulipika ugali kwa unga uliotoka nyumbani, tukazungumza Kiswahili na Kiingereza usiku na mchana, tukawa kama tumehamisha kijiwe cha Kariakoo kwenda Nanjing. Siwalaumu wenzangu. Wengi wao walitoka asubuhi, wakaenda darasani, wakarudi jioni kula ugali wetu. Mimi niliona ugali unatosha.

Tena nikaingia biashara. Miaka ile simu za laini mbili kutoka China zilikuwa zinagombewa Kariakoo. Nilinunua kumi, nikampa msafiri, zikauzwa. Nikanunua ishirini. Saa za darasa zikawa saa za kutafuta simu na za kumtafuta msafiri. Neno mai la kununua nililijua vizuri sana, na bei niliandikiwa kwenye kikokotoo, kama yule jirani wa viatu.

Karibu na lango la chuo alikuwepo mzee mmoja aliyeuza tambi za moto pamoja na mkewe. Jioni moja ya Novemba aliniuliza natoka wapi. Swali hilo nililielewa, kwa kuwa liko katika somo la pili la kitabu. Nikamjibu Tanzania. Mzee akaweka mwiko chini. Akasema, "Tan-Zan tielu!" Akarudia mara mbili, huku akijipiga kifuani. Kisha akatamka neno moja ambalo sikulitegemea kutoka kinywani mwake: "Mbeya."

Nilitikisa kichwa na kucheka, nikala tambi zangu, nikaondoka. Zilipita wiki kadhaa kabla sijamuuliza mwalimu maana ya tielu. Akaniambia ni reli. Tie ni chuma, lu ni njia. Tan-Zan tielu ni reli ya Tanzania na Zambia. Ndiyo TAZARA yetu, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hadi 1975 na Watanzania, Wazambia na Wachina kwa maelfu. Wengine walifia huku, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Basi nikaweka nia: nikishajua lugha vizuri nitarudi kwa mzee huyu na kinasa sauti. Nilikuwa na maswali mengi. Alikuwa fundi gani? Alikaa Mbeya miaka mingapi? Alikula nini, na aliwaogopa nani? Lakini ili niulize ilinipasa nijifunze, na mimi nilikuwa na simu za kutafuta. Niliendelea kula tambi zake na kutabasamu. Mwezi Juni nilipokwenda kumuaga, kibanda kilikuwa kimefungwa na mlango umebandikwa karatasi yenye maandishi. Sikuweza kuisoma. Mpaka leo sijui ilisema nini.

Mimi ni mtangazaji, jamani. Nimehoji mawaziri na wachezaji wa mpira, lakini mahojiano ninayoyawaza usiku ni yale ambayo sikuyafanya.

Jambo la pili lilinikuta Jumamosi, tarehe 13 Desemba. Nilikuwa chumbani nikifunga simu kwenye soksi ili zisivunjike njiani. Mara ving'ora vikaanza kulia mji mzima. Nilidhani ni moto, nikakimbia ngazi kwa ngazi na kandambili. Chini nikawakuta wafanyakazi wa bweni wamesimama kimya. Siku kama hiyo, mwaka 1937, majeshi ya Japani yaliingia Nanjing, na kwa majuma kadhaa yakaua raia na mateka na kunajisi wanawake. China huhesabu waliouawa kuwa zaidi ya 300,000. Mama aliyekuwa akifagia korido yetu kila siku alikuwa amesimama na ufagio wake mkononi, machozi yanamtoka, nami nina soksi yenye simu mkononi. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu katika mji huo wala sikujua kilichoupata.

Wakati wa majira ya kuchipua, mwalimu wetu mmoja, mama wa makamo mwenye subira, alitupeleka kuutazama ukuta. Akatusimamisha mbele ya tofali moja kubwa la kijivu, akatuambia tulisome. Matofali ya ukuta ule yana maandishi. Yalitoka wilaya nyingi, na mengi yamepigwa mhuri wa majina: jina la wilaya, jina la ofisa aliyesimamia, mpaka jina la mchoma tanuri na la mtu aliyelifinyanga tofali. Tofali likionekana bovu, aliyelileta anajulikana na anaitwa.

Nitawaachia wenyewe kuwaza ingekuwaje kama kila tofali la madarasa yetu na kila kipande cha lami ya barabara zetu kingekuwa na jina la mtu. Mimi siku ile mawazo yangu yalikuwa mengine. Wenzangu walisoma herufi tano, sita. Mvietinamu mmoja alisoma mstari mzima. Zamu yangu ilipofika nilitambua herufi moja tu, ren, ambayo maana yake ni mtu. Mwalimu hakunicheka. Alisema, "Vizuri, umeanza." Ilikuwa mwezi wa Aprili, imebaki miezi miwili kabla ya mtihani.

Nanjing ni mji unaojua mitihani. Kando ya mto mdogo wa Qinhuai, karibu na hekalu la Confucius, ipo sehemu iliyobaki ya majengo ya mitihani ya kifalme. Zamani palikuwa na vijumba zaidi ya 20,000. Mtahiniwa alifungiwa katika kijumba chake siku kadhaa, anaandika humo, anakula humo, anaugeuza ubao wa kuandikia kuwa kitanda. Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1905. Mimi nilikuwa na kitanda, meza, taa na mwalimu mwenye subira, na nilishindwa.

Asiyefaulu lugha hakuendelea na shahada. Nikarudi nyumbani Julai 2009. Ukoo ulipouliza, nikasema ufadhili umekatwa kwa sababu ya mambo ya serikali zao. Watu wakasikitika, dada akanipikia pilau. Nikarudi redioni na stashahada yangu, ambayo ndiyo niliyo nayo mpaka leo, na uongo ule nikakaa nao miaka mingi.

Uongo huo uliniuma zaidi nilipokwenda Malindi kutayarisha kipindi cha historia ya pwani. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na wenyeji hawajaisahau habari hiyo. Ilikuwa enzi za safari za Zheng He, jemadari aliyezaliwa katika jamaa ya Kiislamu huko Yunnan na kusafiri mara saba kati ya mwaka 1405 na 1433, mpaka akafika pwani yetu. Mzee mmoja aliposikia nimeishi Nanjing, alinishika mkono kwa furaha. Akasema, "Basi wewe umepaona mahali zilipoundwa merikebu zile. Hebu nieleze, pakoje?" Mahali hapo pamefanywa bustani ya makumbusho, na mabwawa yaliyotumika kuundia merikebu yapo mpaka leo. Ni mwendo wa basi kutoka bwenini kwangu. Sikuwahi kufika. Ilinibidi nimwambie mzee wa watu kwamba palikuwa pamefungwa.

Nisieleweke kwamba Nanjing ni peponi na mbaya ni mimi peke yangu. Ni mji wenye joto kali wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi ni taabu, maana upo kusini ya ule mstari ambao serikali iliuweka wa kupasha nyumba joto kwa mabomba, kwa hiyo ndani ya chumba unavaa koti. Watu walinishika nywele bila kuniomba ruhusa, wengine wakanipiga picha kama kivutio cha utalii. Tena lipo jambo kubwa kuliko hayo. Mwezi Desemba 1988 mapigano yalizuka katika chuo kimoja mjini humo kati ya wanafunzi wa Kiafrika na Wachina, yakafuatiwa na maandamano ya siku kadhaa dhidi ya Waafrika. Kijana anayekwenda huko inampasa ayajue hayo pia. Nami nasema lugha ndiyo inayomsaidia kumtambua anayemtukana na anayemsalimia, kwa sababu asiyejua lugha huwaogopa wote wawili sawasawa.

Narudi kwenye kikao. Chai ilikuwa imekwisha kupoa. Nikawaeleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na simu, soksi, mtihani na uongo. Kisha nikamgeukia baba mdogo. Nikamwambia, "Baba, mwaka unaouita hasara ndio mwaka nilioupoteza mimi. Mashine ngapi nchini mwetu zina maandishi ya Kichina ubavuni, na zikiharibika tunasubiri mtu atoke kwao? Mikataba mingapi tunasaini kwa kusomewa? Huyu mtoto akijua maji na akajua na lugha, atasoma mwenyewe." Baba mdogo alikohoa, hakujibu. Jirani wa viatu aliuliza kama tambi za yule mzee zilikuwa tamu.

Mpwa wangu ndiye aliyeniuliza la maana. "Mjomba, nikifika nifanye nini siku ya kwanza?"

Nilimwambia ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 kama sheria yao inavyotaka, na kibali cha ukaazi asikicheleweshe kupita siku 30. Akumbuke kwamba viza ya mwanafunzi si kibali cha kazi wala cha biashara ya simu. Achukue sweta nzito. Ajue kwamba WhatsApp haifanyi kazi kule kama tulivyozoea hapa, kwa hiyo mama yake asipige mayowe akikosa ujumbe siku mbili. Ugali ale Jumapili, siku nyingine ale wanachokula wenyeji. Akiletewa sukari badala ya supu, acheke na arudie neno. Na kila wiki atoke na basi kwenda mahali pamoja katika mji ule, amuulize mtu mmoja swali moja, aandike jibu katika daftari. Vijana wetu waliofungiwa nje ya China tangu mwaka 2020 hadi 2022 walisoma kwa simu vyumbani mwao, wengine wakapata vyeti, na ni wao watakaokuambia ni kitu gani walichokosa. Mimi nilikuwepo kwa miguu yangu na nikakikosa.

Dada alikuwa kimya muda wote. Nilimtazama kwa hofu, maana cherehani kile kilikuwa chake, na miaka ile yote alishona kwa kimoja. Alikunja ile barua, akaiweka ndani ya kanga.

"Na tiketi ya mtoto," akasema, "ni nani atakayeilipa?"

Nikasema ni mimi.

"Haya," akasema. "Na ukipata nyingine, utaniletea cherehani. Cha miguu."

Mpwa wangu anaondoka mwezi wa Septemba. Nimempa kinasa sauti changu cha zamani, bado kizima, na nimemwandikia kwa herufi za Kichina maneno mawili ambayo hatimaye nimejifunza kuyaandika: Tan-Zan tielu. Huenda kuna mzee mwingine.

 Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo kwa habari ya mifereji. Kwaherini.